Baba wa Kambo Anapotaka Kuwa Baba Halali

Tulikuwa kwenye mazishi huko Rombo, mkoani Kilimanjaro, tulipoyaona yaliyotufanya tuandike makala haya. Mzee aliyefariki alikuwa baba mkwe wa mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, nasi akina mama tisa tulipanda basi la kukodi kutoka Morogoro kumsindikiza mfiwa. Kaburi lilichimbwa kwenye kihamba, kati ya migomba, kama ilivyo desturi ya huko. Wasifu wa marehemu ukasomwa: ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 18. Kisha wajukuu wakaitwa waje kuweka shada la maua.

Binti wa mwenzetu, mwenye umri wa miaka 13, akasimama pamoja na wadogo zake wawili. Shangazi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yake akamshika sketi, akamvuta, akamwambia kwa sauti ambayo wote tuliokuwa karibu tuliisikia, "Wewe kaa. Wameitwa wajukuu."

Wadogo zake wakaenda. Yeye akakaa.

Baba yake, maana ndivyo anavyomwita tangu akiwa na miaka mitano, alikuwa upande wa pili wa kaburi akiwashika mkono wazee, wala hakuona. Jioni ya siku ya pili tulianza safari ya kurudi. Basi liliposimama Korogwe watu wakashuka kula, binti hakushuka. Mama yake alimpelekea chipsi na soda dirishani, akazirudisha.

Akina mama wenzetu, wengi wetu tunao watoto wa namna hii majumbani mwetu. Wengine tulikuja nao kwa mume, wengine tuliwakuta kwa mume. Huitwa watoto wa kufikia, au watoto wa kambo, na kwa siku za kawaida jina hilo halina uzito. Wanakula sahani moja na wenzao, wanavaa sare ileile, wanachapwa na kubembelezwa sawasawa. Uzito hujitokeza siku ya msiba, siku ya mirathi, siku ya kujaza fomu. Siku hiyo ndipo mtoto anapogundua kwamba mahali pake palikuwa pa mazoea tu.

"DADA, SI UNAYO KALAMU?"

Tuwaeleze kwanza historia ya mwenzetu huyu, kwa ruhusa yake. Alijifungua binti huyo akiwa na miaka 21, hajaolewa. Kijana aliyempa mimba alikwenda Geita kutafuta dhahabu mtoto akiwa na miezi minane. Fedha zilikuja mara mbili. Baadaye zikaja salamu, kisha kimya. Miaka minne ikapita ndipo akakutana na fundi seremala, mtu wa Rombo aliyekuwa na karakana yake Morogoro, wakafunga ndoa kanisani. Mume alimpokea mtoto bila masharti. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyelala naye wodini siku nne alipougua malaria kali, mama yake akiwa amejifungua mdogo wake. Zamu ile ya usiku ilikuwa yetu, kwa hiyo hatusimulii ya kuambiwa.

Wiki moja baada ya mazishi, mama huyu alikuja kliniki wakati tunafunga vitabu. Alikuwa na kadi ya kliniki ya binti, imechakaa, jina la yule kijana limeandikwa kwa wino wa bluu. Cheti cha kuzaliwa hawakuwahi kukichukua. Alitaka tumwandikie kadi mpya, yenye jina la mumewe, ili aende nayo kwenye usajili na mtoto apate cheti chenye "baba yake wa kweli". Tulipotikisa kichwa akasema, "Dada, si unayo kalamu? Ni mstari mmoja tu."

Tulikataa. Alikasirika, na kwa miezi miwili hakuja kwenye kikundi. Wauguzi wenzetu mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba ombi hili si geni, na si kila anayeombwa hukataa, hasa mwombaji akiwa ndugu wa karibu au akilia. Nasi tuliumia, kwa kuwa tulimwelewa. Lakini kutoa maelezo ya uongo kwenye usajili wa uzazi ni kosa la jinai, kwa mwombaji na kwa muuguzi aliyeandika. Tena cheti cha namna hiyo kinasimama tu mpaka atokee mtu wa kukipinga. Wifi yule aliyevuta sketi anajua vizuri kwamba mtoto alikuja na mama. Siku ya mirathi angesimama na kulisema, na mashahidi angewapata.

Wengine hudhani kubadili jina kwa kiapo kunatosha. Hapana. Hati ya kubadili jina hubadili jina peke yake, haimfanyi mtu kuwa mzazi.

MTOTO AAMBIWE NINI?

Kabla hatujafika mahakamani, tupite kwanza nyumbani, maana hapa ndipo tunapokosea zaidi sisi akina mama.

Binti huyu alijua tangu zamani kwamba ana baba mwingine. Hiyo ni heri kubwa. Wako watoto wengi walioambiwa kwamba baba alikufa. Tunalo moyoni tukio la kijana mmoja aliyelazwa na mguu uliovunjika, na "marehemu" akaja wodini kumtazama akiwa na mfuko wa machungwa. Mguu ulipona kwa wiki nane. Mengine hatujui kama yamepona.

Uongo huo siku hizi una macho mengi ya kuuona. Kijana akiomba mkopo wa elimu ya juu na kusema amefiwa na mzazi, huombwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, na cheti cha kifo cha mtu aliye hai utakipata wapi? Shuleni nako, wakifika kwenye somo la baiolojia, wanajifunza makundi ya damu na urithi wa vinasaba. Anarudi nyumbani anauliza, "Mama, wewe kundi gani? Baba je?" Anajua kwamba mzazi wa kundi AB kwa kawaida hazai mtoto wa kundi O. Ukimjibu vibaya anakwenda kuhesabu mwenyewe kwenye daftari.

Na sisi wauguzi tunayo sababu yetu. Tunapomuuliza mama, "Upande wa baba kuna sikoseli? Kuna kisukari? Kuna pumu?" hatuulizi kwa umbea. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa wa sikoseli duniani, na mtoto huupata pale anaporithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili waliomzaa. Mama anapotujibu kwa habari za ukoo wa baba wa kambo ili kulinda heshima ya nyumba, anatupotosha, na anayeumia ni mtoto. Kama hutaki mume asikie, omba kuongea nasi peke yako. Tutakusikiliza.

Mtoto mdogo aambiwe kidogo kidogo, kwa lugha yake, kabla hajaanza shule ikiwezekana, na aambiwe na mama, si na jirani. Habari za huyo baba aliyeondoka zisichanganywe na matusi. Mtoto akisikia kila siku kwamba baba yake ni mhuni, anajiuliza na yeye ametoka na nini kwake.

SHERIA INASEMAJE?

Miezi miwili ilipokwisha, aliyekuja kwetu si mama, ni mume. Alikuja jioni, ana vumbi la mbao kwenye mikono ya shati, akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema, "Nimesikia lililotokea kaburini. Mimi nataka huyu mtoto awe wangu hata nikifa. Mnisaidie niende wapi."

Tulikwenda naye kwa Ofisa Ustawi wa Jamii. Hapo tulijifunza mengi ambayo hata sisi hatukuyajua vizuri.

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaitwa kuasili mtoto, nalo limewekwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana sheria yao. Mahakama Kuu inayo mamlaka ya kutoa amri ya kuasili, na kabla ya kuitoa hutaka taarifa ya Ofisa Ustawi aliyeitembelea nyumba na kuongea na familia. Mama mzazi na mumewe wanaweza kupeleka ombi kwa pamoja, kwa hiyo mama hapotezi umama wake. Neno "mume na mke" hapa lina maana yake. Wale wanaoishi pamoja bila ndoa waweke kwanza ndoa yao sawa.

Amri ikishatolewa, baba wa kambo anakuwa mzazi kana kwamba mtoto amezaliwa ndani ya ndoa yake. Mtoto huandikwa katika rejista ya watoto walioasiliwa, na cheti hutoka humo. Akifa baba huyo bila wosia, mtoto huyu ni mrithi kama wenzake. Asipoasiliwa, si mrithi, hata kama amemwita baba kwa miaka 30.

Lakini sheria ina makali ya upande wa pili, na tunawasihi msipite haraka hapa. Amri hiyo hukata haki za mzazi wa kuzaa, na mtoto naye hupoteza haki ya kumrithi mzazi huyo asipoacha wosia. Kama baba wa kuzaa amefariki na mirathi yake haijagawanywa, usipeleke ombi lolote kabla ya kuongea na mwanasheria. Vilevile, baba aliyeondoka hukatwa, na wajibu wake wa kutoa matunzo hukatwa pamoja naye. Mama anayepanga kuomba matunzo mahakamani na papo hapo kuomba kuasilisha, achague moja.

Je, huyo baba lazima akubali? Ndiyo, ridhaa ya mzazi inatakiwa. Mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa hiyo ikithibitika kwamba amemtelekeza mtoto au amemtesa, au hapatikani, au anaikatalia bila sababu ya haki. Kuthibitisha ndiko kwenye kazi. Haitoshi kusema "hapatikani" kwa kuwa hujamtafuta. Utaulizwa ulimtafuta wapi, kwa nani, lini. Mahakama inaweza kuagiza tangazo gazetini. Hifadhi barua, ujumbe wa simu, risiti za ada, majina ya watu uliowauliza. Mtoto naye, akiwa na umri wa kujieleza, husikilizwa, na hapo mzazi asimkaririshe maneno.

Msioweza kumlipa wakili, waulizeni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wengi wako wilayani. Nanyi ambao mnaona kuasili hakufai kwenu, basi mume aandike wosia, mbele ya mashahidi, amtaje mtoto kwa jina. Ni karatasi ndogo, na wanaume wengi wanaiogopa kama vile inaita kifo.

SI KILA BABA WA KAMBO

Hapa tutasema jambo ambalo si tamu. Tumefanya kazi wodini zaidi ya miaka 20, na tumewapokea watoto walioumizwa na watu wanaoitwa baba. Ndoa ya miezi sita haijamwonyesha mtu. Mwanamume anayesukuma karatasi ziende upesi, anayetaka mama asimwache mtoto kwa bibi wala kwa shangazi, au mtoto anayenyamaza na kukojoa kitandani tena akiwa mkubwa, hayo ni mambo ya kusimamisha kila kitu. Ofisa Ustawi anapokuja kuchungulia vyumba anakolala mtoto usione amekudharau. Mshukuru.

Na tuongeze kwa akina mama ambao ni mama wa kambo. Tunawajua wawili mtaani kwetu wanaolea watoto ambao mama zao walikwenda Oman kufanya kazi za ndani na kupotea kwenye simu. Mlango wa sheria ni huohuo, na swali la ridhaa ni lilelile. Tofauti ni kwamba mama aliye mbali aghalabu ameondoka akitafuta fedha za mtoto huyohuyo. Mtafuteni kwa bidii zaidi.

Katika yote, jiulizeni sababu. Mwenzetu alipotulia alikiri kwamba siku aliyokuja na kadi hakuwa anafikiri juu ya binti. Alikuwa anataka kumfuta yule kijana, na kumnyamazisha wifi. Tulimpenda kwa kulisema hilo. Mtoto akiwa ni kifutio cha hasira zetu, hata amri ya mahakama haitamsaidia.

BIBI WA KILOSA

Basi tukaanza kumtafuta aliyepotea. Mama alijua mahali pamoja tu pa kuanzia, nyumbani kwa mama yake kijana, huko Kilosa. Tukaenda watatu, tukipitia Dumila. Njiani mwenzetu akanyamaza, tukadhani ni joto. Kumbe alikuwa na jambo. Tulipokaribia akatuambia kwamba bibi huyu alituma watu mara tatu miaka ile, na mara ya mwisho alituma gunia la mchele, na yeye mwenyewe akalirudisha. Kwao, kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na wazazi wake walimwambia hana haja ya watu wale.

Kwa hiyo katika miaka kumi tuliyokuwa tukimwita mtoto aliyetelekezwa, alikuwepo mtu mmoja aliyemtaka. Hili hatukulitegemea, na lilitupunguzia ujasiri wa kuongea.

Bibi alitukaribisha. Picha ya mtoto akiwa mchanga ilikuwa ukutani, imepauka. Akasema mwanawe sasa yuko Chunya, bado anachimba, hupiga simu mara moja au mbili kwa mwaka. Akampigia mbele yetu. Kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, alisikiliza, kisha akauliza, "Mnataka kunidai matunzo?" Mwenzetu akamweleza kwamba hapana. Akasema atafikiri. Tangu siku ile namba ile haipatikani. Ofisa Ustawi ameliandika hilo pamoja na tarehe, na mwanasheria anayetusaidia anasema mahakama itaombwa iendelee bila ridhaa yake.

Bibi hakupinga. Aliuliza swali moja tu, "Jina likibadilika, nitaruhusiwa kumwona?" Tulimjibu tulivyoelezwa, kwamba amri ya mahakama inaondoa haki za kisheria za upande ule, lakini haimkatazi mtoto kwenda kusalimia, na wanaomlea wakikubali hakuna wa kuzuia. Akamgeukia mama, hakuwageukia wengine. Mama akalia. Kisha akasema, "Mama, Desemba nitamleta."

Naye alimleta. Mume ndiye aliyelipa nauli. Binti alikaa Kilosa siku kumi na mbili, akarudi na mchele, safari hii ukapokewa, na habari kwamba masikio yake ni ya shangazi yake mdogo. Ofisa alipokuja kuongea naye peke yake, sisi tukiwa nje chini ya mwembe, alimwambia anachotaka. Baadaye alituambia wenyewe bila kuulizwa: "Nimesema baba ni huyu wa hapa. Na bibi ni wa Kilosa. Nimeuliza kama lazima nichague, akasema hilo aliandike vilevile."

Tunapoandika haya shauri bado halijasikilizwa. Mwezi wa sita kuna ibada ya kumbukumbu ya mzee huko Rombo, na wifi ndiye anayeshughulikia fulana zenye picha ya marehemu. Alimpigia kaka yake simu kuuliza idadi, akamsomea alivyoandika, wajukuu 18. Mume alikuwa karakana, sisi tumekwenda kuchukua benchi za darasa la Jumapili. Alizima randa ya umeme ili asikike vizuri.

"Andika 19," akasema. "Na ya 19 iwe ya msichana wa miaka 14, mrefu."